Kamera Iingie Jikoni

Mamangu alifanya kazi miaka 14 katika nyumba ya Wataliano kule Casuarina, hapa Malindi. Siku alipoacha alipewa barua ya kumsaidia kupata kazi kwingine. Barua ilikuwa ya Kitaliano. Mama alisoma hadi darasa la nne, na Kitaliano alichokijua kilikuwa cha mdomo, cha jikoni: chumvi, sufuria, haraka, kesho. Akaitia barua ile katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha ndoa, ikakaa humo miaka na miaka. Nilipokuwa mkubwa nikampelekea rafiki yangu anayeongoza watalii anisomee. Ilisema mama ni mwaminifu, hana maneno mengi, na hali chakula kingi.

Hilo la mwisho nilimficha. Nilimwambia barua imesema yeye ni mwaminifu na mpole. Akafurahi, akairudisha mfukoni.

Mwaka jana, usiku mmoja wa mvua, tulikaa wawili sisi mbele ya kompyuta yangu tukatazama La Noire de..., filamu ya mwaka 1966 ya Ousmane Sembène wa Senegali. Haina rangi, na ni fupi, kama ya saa moja hivi. Msichana anayeitwa Diouana amesimama Dakar pamoja na wanawake wenzake, mahali wanapongojea kuchukuliwa kazi. Mama wa Kifaransa anafika, wenzake wanamkimbilia, Diouana anabaki nyuma kimya. Anachaguliwa yeye kwa sababu hakukimbia. Kazi anayopewa ni kulea watoto. Kisha anapelekwa Antibes, mji wa pwani ya Ufaransa, na huko anageuzwa mpishi, dobi na mfagizi, ndani ya nyumba ambayo dirisha lake ndiyo Ufaransa yote atakayoiona. Amevaa gauni zuri na viatu vya kisigino. Anaambiwa avivue, asisahau kwamba yeye ni mtumishi. Siku ya wageni, mzee mmoja anainuka mezani na kumbusu, kwa kuwa hajapata kumbusu mwanamke mweusi. Wanamzungumza yeye naye yupo palepale anatenga chakula.

Mimi nilikuwa namfasiria mama neno kwa neno. Tukafika pale ambapo barua inatoka Dakar kwa mamake Diouana. Yeye hajui kusoma. Bwana mwenye nyumba anamsomea, kisha anachukua kalamu kumwandikia jibu. Anamuuliza aseme nini. Diouana haongei, naye bwana anaanza kuandika kwa kichwa chake mwenyewe.

"Rudisha hapo," mama akasema.

Nikarudisha. Akatazama mara ya pili, mkono kwenye shavu. "Ile si barua yake," akasema. Na kwenye filamu, Diouana moyoni mwake anawaza hivyohivyo, kisha anaichukua barua ya mamake na kuichana.

Nikaizima kompyuta kwa muda. Nikamwambia mama barua yake ilisema nini hasa. Alikaa kimya, halafu akanijibu, "Nilikuwa nakula nyumbani kabla sijatoka, mwanangu. Sikutaka wanione mlafi."

Tangu usiku ule kila nikitazama filamu inayodai kuzungumzia ubaguzi wa rangi, nauliza jambo moja kabla ya mengine yote: kamera imesimama wapi? Wenzetu wa Lamu, walio na nyumba kongwe za mawe, watanielewa upesi. Mgeni hupokewa dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni, akakaa barazani. Akiaminika huvuka mlango. Akiwa wa karibu sana ataingia ndani, aone zidaka za ukutani na vyombo vya kale vilivyopangwa. Jikoni, kule juu kwenye moshi, hafiki, wala anayepika huko hashuki kuja kuulizwa maoni. Filamu nyingi zilizosifiwa kwa kupinga ubaguzi zimeishia dakani. Zimemkaribisha mtu mweusi, zimempa kiti kizuri, zimejipongeza kwa kumpa. Mwenye kupika hazikumfikia.

Za chuki ya wazi, kama The Birth of a Nation ya mwaka 1915, iliyotukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu la kuwaonea weusi, na kuwapaka Wazungu masizi ili waigize weusi wabaya, hazinisumbui leo. Adui akijitaja jina ameshakurahisishia. Zinazonisumbua ni zile za nia njema.

Chukua Guess Who's Coming to Dinner. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilifuta sheria za kukataza ndoa za watu wa rangi tofauti tarehe 12 Juni 1967, na filamu hii ikatoka Desemba mwaka uleule. Binti wa Kizungu anamleta mchumba wake mweusi nyumbani San Francisco, aliyeigizwa na Sidney Poitier, wazazi watoe kauli yao kabla ya siku kwisha. Watu wa pwani tuna neno moja ambalo lingewafaa sana watunzi wa hadithi hii, nalo ni kufu. Mposaji anaulizwa: ana kufu? Ni sawa na sisi kwa ukoo, kwa elimu, kwa mwenendo? Watunzi walimjengea kijana kufu kamili. Ni daktari mwenye sifa, ana adabu kuliko wote chumbani, hana doa. Kila kisingizio wamekiondoa ili ibaki rangi peke yake, mzazi akikataa ijulikane amekataa rangi.

Kwa hesabu ya mwaka 1967 lilikuwa jambo la ujasiri, na sitaki kulidharau. Ila huku kwetu hesabu hiyo haitoki. Ubaguzi wetu hautembei uchi, huvaa kanzu. Ukiivua rangi, utakuta ukoo. Ukiuvua ukoo utakuta dini, chini ya dini utakuta "kwao mbali", na chini ya hapo "mila zao hatuziwezi". Kisingizio hakiishi. Mzee wa Kiswahili anayemkataa mposaji wa Kigiriama hatataja ngozi hata siku moja, na pengine ngozi ya mjukuu wake ni nyeusi kuliko ya huyo mposaji. Ataguna tu, aseme si kufu yetu.

Na humo ndani ya filamu ileile kuna jiko. Kuna Tillie, mwanamke mweusi aliyewapikia watu wale miaka mingi. Kamera inamfuata Tillie mara chache, na anapopata nafasi ya kusema, anaitumia kumfokea kijana mweusi mwenzake kwa kujipandisha asikostahili. Filamu inatupa fokeo hilo tulicheke. Haimuulizi Tillie amelijifunzia wapi. Mwisho, baba mwenye nyumba ametoa hotuba ndefu ya kubariki ndoa, wanawake wanafuta machozi, na maneno ya mwisho kabisa ya filamu ni yeye kumuuliza Tillie chakula kitaliwa saa ngapi. Mama alipoifikia hapo alisema, "Basi huyu mama hakupata harusi yoyote." Nimesoma chambuzi nyingi za filamu hiyo na sijaona iliyosema zaidi.

Wamarekani wana pia filamu zao za garini. Mwaka 1990 tuzo ya Oscar ya filamu bora ilikwenda kwa Driving Miss Daisy, bibi Mzungu na dereva wake mweusi wakizoeana miaka kwa miaka. Mwaka 2019 ikaenda kwa Green Book, dereva Mtaliano wa New York na mpiga piano mweusi wakizoeana safarini. Miaka 29 katikati, na gari halijabadilika isipokuwa aliyeshika usukani. Katika gari watu wawili wanaweza kupendana kweli. Lakini hakuna barabara iliyopata kubadilika kwa sababu abiria wamepatana.

Filamu ambayo ningewapa vijana wa Malindi kabla ya hizo ni ile iliyoachwa nje ya shindano la filamu bora mwaka huohuo wa Miss Daisy: Do the Right Thing ya Spike Lee, ya mwaka 1989. Mtaa wa Bedford-Stuyvesant, Brooklyn, siku ya joto kali. Mzee Sal, Mtaliano wa Marekani, ana duka la piza katikati ya mtaa wa weusi. Ukutani ametundika picha za Wataliano mashuhuri. Kijana anayeitwa Buggin' Out anakaa kula, anainua macho, anauliza: wateja wako wote ni weusi, mbona ukutani hakuna mweusi hata mmoja? Sal anamwambia duka ni lake. Kutokea hapo hadi usiku, kijana mwingine, Radio Raheem, anakabwa na polisi mpaka roho inamtoka, na duka linateketea.

Msomaji wa Malindi hahitaji kufasiriwa piza. Wataliano wako nasi tangu miaka ya 1960, wakati nchi yao ilipojenga kituo cha kurushia setilaiti baharini pale Ngomeni. Ni pale ilikorushwa setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu. Watoto wetu wanaamkia kwa Kitaliano kabla hawajajifunza shikamoo. Nimekaa katika mikahawa ya mji huu ambayo kuta zake zimejaa wacheza mpira na waimbaji wa Italia, na waliosimama kungoja kuagizwa wote ni watoto wa Muyeye na Kisumu Ndogo. Sijapata kusikia mtu akiuliza swali la Buggin' Out. Na Sal si mtu mbaya. Hapo ndipo filamu inapouma. Anajivunia kwamba watoto wa mtaa wamekua wakila chakula chake, na anasema kweli. Ila anawapenda wakiwa upande ule wa kaunta.

Kuna jambo lingine ambalo Wamarekani huenda walilipita bila kulitazama. Giancarlo Esposito, aliyeigiza kijana anayedai picha ukutani, baba yake ni Mtaliano na mama yake ni Mmarekani mweusi. Mwenye kudai ni mtoto wa nyumba. Malindi tunao wengi wa namna hiyo. Chotara tunaowaona njiani na majina ya Kitaliano, baba amerudi kwao, picha yake iko kwenye simu ya mama. Wao wakiuliza mbona hatumo ukutani, watakuwa wanauliza nini?

Katika filamu hiyohiyo kuna mazungumzo mafupi ambayo nimeyarudia zaidi ya mara kumi. Pino, mtoto mkubwa wa Sal, hawataki weusi. Mookie, kijana anayepeleka piza, anamuuliza: mcheza kikapu unayempenda ni nani? Magic Johnson. Mwigizaji? Eddie Murphy. Mwanamuziki? Pino anamtaja Bruce Springsteen, lakini Mookie anashikilia kwamba ni Prince. Magic, Eddie, Prince: wote weusi. Pino anajitetea kwamba hao si weusi hasa, hao ni tofauti. Nilipoisikia sentensi ile nilikumbuka sebule ya bibi yangu, mzaa baba, pale Shela ya Malindi. Mamangu ni Mgiriama. Alisilimu kabla ya kuolewa, akapewa jina jipya, akajifunza kupika biriani kuliko mawifi zake. Na bibi, akitaka kumsifu mbele ya wageni, alikuwa akisema, "Huyu si kama wale wenziwe."

Nitarudi kwa bibi.

Mwaka 1966, mwaka uleule wa filamu ya Diouana, Wataliano wawili, Jacopetti na Prosperi, walitoa Africa Addio. Ni filamu ya matukio ya kweli, au ndivyo ilivyojinadi. Ndani yake mna Zanzibar ya Januari 1964, imepigwa picha kutoka angani. Unaona watu wadogo kama siafu, wengine wamepangwa foleni, wengine wamelala chini hawainuki. Husikii jina la mtu, husikii neno hata moja la Kiswahili, lugha waliyokuwa wakililia. Kuna watu wa Lamu na Malindi ambao ndugu zao walikuwa Unguja siku zile. Sauti ya msimulizi inawafundisha Wazungu kwamba hivi ndivyo Afrika ilivyo ukiiacha peke yake. Filamu mbili, mwaka mmoja. Moja imeweka kamera angani, nyingine imeiweka jikoni penye sinki na mlango wa choo. Sembène alikuwa amebeba mizigo bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi. Alijua nyumba ile inaonekanaje kutoka chini.

Haijazeeka filamu yake. Badala ya Antibes weka Riyadh au Jeddah. Kutoka Kilifi na Lamu mabinti wanaondoka kila mwezi kupitia kwa mawakala, pasipoti inashikwa na mwajiri, simu inachukuliwa, na wa bahati mbaya huitwa kwa neno la Kiarabu lenye maana ya mtumwa, na mtu anayeswali kuelekea kibla kilekile. Diouana alijiua bafuni, na bwana wake akarudi Dakar na sanduku lake na pesa za mshahara. Mamake alizikataa pesa. Mtoto mmoja wa mtaa akaivaa barakoa ambayo Diouana aliwapa zawadi mabwana zake, akamfuata yule Mfaransa hatua kwa hatua mpaka akaondoka mtaani akigeuka nyuma. Hakumrushia jiwe. Alimfuata tu. Mama aliniomba niisimamishe hapo tena, akamtazama mtoto yule muda mrefu.

Kuna filamu moja ya Ulaya iliyokuja pwani yetu wenyewe. Mwaka 2012 Ulrich Seidl wa Austria alitoa Paradise: Love, habari ya Teresa, mama wa makamo anayekuja Kenya likizo na kuanza kununua mapenzi ya mabichi boi. Ni filamu ngumu, yenye mambo ya faragha, siyo ya kutazama na wakwe. Naiheshimu kwa kuwa haidanganyi. Inaonyesha watalii wamelala kwenye vitanda vya jua, na upande wa pili wa kamba vijana wamesimama kimya wakingoja, mlinzi katikati. Kila mtu aliyekulia ufukweni ameiona kamba ile, hata ikiwa haijafungwa. Inaonyesha pia jinsi kila mmoja anavyomla mwenziwe: yeye anataka kuambiwa ni mzuri, kijana anataka karo ya shule na bili ya hospitali za ndugu wasiokwisha. Lakini kamera haimwachi Teresa. Inaingia nyumbani kwa kijana kwa kuwa Teresa ameingia, inatoka anapotoka. Nani alipika siku ile, nani alihesabu zile pesa mlango ulipofungwa, mwanamke aliyetambulishwa kuwa dada alilala vipi usiku huo, hatujui. Na ndiyo habari yenyewe.

Sasa nije kwa ile iliyonifanya niandike makala haya. Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, iliyompa tuzo ya Oscar ya uandishi: kijana mweusi anapelekwa na mpenzi wake wa Kizungu kwa wazazi wake, hajui hatari inayomngoja huko. Niliitazama kibandani Maweni, kwenye benchi, na vijana waliozoea filamu zilizosimuliwa na DJ Afro, ambamo kila shujaa ni steringi na kila mwovu ni adui tu, awe Mchina, Mrusi au mweusi. Filamu ikaanza, miti ikapita dirishani mwa gari, na wimbo ukaingia. Wimbo wa Kiswahili. Ameutunga Michael Abels, na jina lake ni Sikiliza Kwa Wahenga. Sisi tungesema wasikilize wahenga, lakini maana ilifika. Sauti zinamwita ndugu, zinamhimiza akimbie. Kijana mmoja nyuma yangu akapiga ukelele, "Anaambiwa akimbie!" Na saa nzima iliyofuata, kila steringi alipokunywa chai, kila baba mkwe wa Kizungu alipojisifu kwamba angempigia Obama kura mara ya tatu, kibanda kilimfokea: ulishaambiwa!

Fikiri jambo hilo. Dunia nzima ilisikia sauti tu, sisi tulisikia maneno. Tulikuwa watu pekee tulioambiwa siri ambayo steringi mwenyewe hakuisikia. Nilitoka pale nimejaa fahari.

Fahari hiyo ilinikaa wiki moja, halafu ikaanza kuniwasha. Wahenga gani hao? Mababu wa Wamarekani weusi wengi walitolewa Afrika ya Magharibi na ya Kati, hawakujua Kiswahili. Peele alikichukua kama sauti ya Afrika yote, na sina ugomvi naye. Lakini mimi ni wa Malindi, lugha hii ni yangu, na wahenga wake nawajua wanakokaa. Malindi ilifufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya sultani wa Zanzibar, ikawa mji wa mashamba: mtama, mahindi, ufuta. Waliolima walikuwa watumwa. Aliyetoa amri shambani aliitoa kwa Kiswahili, na aliyeipokea akajifunza Kiswahili kwa kuipokea. Waliotoroka wakakimbilia bara, kwenye makaazi kama Fuladoyo, na Wagiriama wakawapokea wengine. Lugha yetu ina neno la mtu aliyesikia sauti ya kumwambia kimbia akatii. Neno hilo ni mtoro, na mpaka leo tunamwita hivyo mtoto aliyekimbia shule, kwa kumkaripia. Tumelirithi neno kutoka mdomoni mwa mwenye shamba.

Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Si zamani. Bibi yangu alilelewa na watu waliouona. Na kila nilipomuuliza ukoo wetu wa upande wa mamake alinitajia majina matatu kwa fahari, akifika la nne anatafuta miwani.

Kwa hiyo tukikaa kibandani tukimshangilia mweusi dhidi ya Mzungu, tunakaa upande mmoja wa benchi tu, ule wa kuonewa. Tuna haki nao. Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498 na nguzo yake bado tunaipaka chokaa. Mekatilili wa Menza alipelekwa uhamishoni na Waingereza kwa kuwatetea Wagiriama, na ana sanamu mjini. Lakini benchi lina upande wa pili. Neno Wanyika, yaani watu wa porini, halikubuniwa London. Lilisemwa na sisi wa mjini juu ya Wamijikenda kabla Mwingereza hajaliandika kwenye vitabu vyake. Lamu kule, mwishoni mwa karne ya 19, Habib Swaleh alipoanza kuwafundisha dini watu wa chini, wazalia, yaani watu wa asili ya utumwa waliozaliwa hapa pwani, na wahamiaji maskini, waungwana wengine walimwona anaharibu mpango wa mji. Leo watu wanatoka nchi mbalimbali kuja Maulidi ya Riyadha, msikiti aliouanzisha, na sehemu ile ya hadithi husemwa kwa sauti ndogo.

Hata filamu chache zilizokaribia habari za namna hii zimefanywa na wengine. Mira Nair, katika Mississippi Masala ya mwaka 1991, aliwafuata Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 mpaka mji mmoja wa Mississippi. Wenye hoteli wa Kihindi wanapoogopa kushtakiwa na kijana mweusi, wanamwendea na maneno matamu: sisi sote si weupe, tushikamane. Kijana akimpenda binti yao, mshikamano unakufa siku hiyohiyo. Nair hakuwaficha watu wake. Tanzania wakatoa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, Yasmin wa Kihindi na Denge mpigania uhuru katika Unguja ya miaka ya 1950, na humo Kiswahili kinasemwa na watu wanaokiishi. Niliitazama na koo limenikaba kwa raha. Bado, ndani yake Mwingereza yupo wa kulaumiwa. Ninayoingoja ni ile ambayo Mwingereza hayumo chumbani.

Bibi yangu alinipenda. Alinifundisha alifu na bee, alinifichia kashata, nikiugua alilala chini karibu na kitanda changu. Na miaka 20 baada ya mamangu kusilimu, bibi alikuwa bado akimtambulisha kwa wageni kwa neno moja: mahaji. Mahaji ni Mgiriama aliyeingia dini. Wageni wakikaa sebuleni, mama alikuwa jikoni. Wakila, alikuwa jikoni. Kwa hiyo mamangu alitoka jiko la Wataliano asubuhi akaingia jiko la mama mkwe wake jioni, na kote kuwili alisifiwa kwamba hana maneno mengi.

Filamu ninayoitaka inaanzia hapo. Nimeshaiona kichwani. Kamera iko chini, sawa na mwanamke aliyekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kutoka sebuleni zinakuja sauti, kicheko, vikombe, sauti ya bibi inasimulia jambo. Kamera haiendi kuwaona. Inabaki na nazi, na mkono, na moto, mpaka yule mwanamke aitwe. Na anapoitwa haitwi jina.

Nilimsimulia mama haya yote Ijumaa iliyopita, naye akiwa juu ya mbuzi kweli, kifuu mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wa kuigiza kama yeye watapatikana wengi, hata waje kupanga foleni.

"Lakini bibi yako," akasema, "nani atakubali kuwa yeye?"